Kabla Hujanunua Pampu Mpya: Namna ya Kutuliza Presha ya Maji ya Kisima Nyumbani

Uko bafuni, povu la sabuni limejaa usoni, na maji yanaanza vituko. Yanatoka kwa nguvu, yanapungua mpaka yanakuwa uzi, yanakata, halafu yanarudi kwa kishindo na kukumwagia baridi wakati hita ndiyo kwanza ilikuwa imeshika moto. Kwenye nyumba zetu za pembezoni mwa Dar es Salaam, Goba, Kibamba, Bunju, Chanika na Kigamboni huko, ambako wengi walichimba kisima kabla bomba la mtaa halijawafikia, hilo ni lalamiko la kila wiki. Na dawa anayoandikiwa mwenye nyumba mara nyingi ni ileile: "Pampu imechoka, nunua nyingine."

Mimi ni fundi wa pampu, na nakiri mapema kwamba mafundi tumeuzia watu pampu nyingi ambazo hazikuhitajika. Mama mmoja wa Goba alinipigia simu akiwa ameshabadilisha pampu mara mbili ndani ya miezi minane, na ya tatu alikuwa ameshaiulizia bei. Nilipofika sikuigusa pampu. Niliinama kwenye lile tangi dogo jekundu lililo pembeni yake, nikafungua kifuniko cha plastiki kilicho nyuma, nikabonyeza pini ya ndani kwa njiti ya kiberiti. Badala ya upepo, yakaruka maji ya rangi ya kutu mpaka kifuani kwangu.

"Mwanangu, kwani na hilo dude nalo lina kazi?" akaniuliza.

Lina kazi, tena kubwa. Pampu inasukuma maji tu. Anayeifanya presha itulie ni upepo ulio ndani ya tangi, akisaidiwa na swichi inayoiambia pampu lini iwake na lini izime, na vali inayozuia maji yasirudi kisimani. Hao watatu wakiwa wazima, hata pampu ndogo itakuogesha vizuri. Mmoja akiugua, pampu kubwa utakayonunua itaungua haraka kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo utaratibu ninaokupa hapa unaanzia kwenye tangi, na pampu inakuja karibu na mwisho.

Vitu vya kuandaa

Geji ya presha iliyofungwa kwenye mfumo (kama huna, hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kununua, na si cha bei kubwa), kipimo cha upepo wa tairi, pampu ya baiskeli, spana, bisibisi, testa ya umeme, ndoo ya lita 20, simu yenye saa, na kalamu ya wino usiofutika. Kalamu utaiona kazi yake mwishoni.

Halafu usalama. Mahali penye pampu pana maji na umeme kwa pamoja. Kila nitakaposema "zima", namaanisha zima kwenye sakiti breka, si kwenye swichi ya ukutani peke yake, kisha hakikisha kwa testa. Miguu iwe na viatu, mikono iwe mikavu. Ukifungua kifuniko cha swichi ya presha ukakuta waya zimeungua au zimeshikana kutu, funga na umwite fundi umeme.

Hatua ya 1: Jua mfumo wako ni wa aina gani

Kuna nyumba zinazotegemea mnara: pampu ya kuzama, ile inayokaa ndani ya maji kisimani, inapandisha maji kwenye simtanki, na maji yanashuka yenyewe. Hapo presha ni hesabu ya urefu tu. Kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa takriban bar 1. Mnara wa mita 6 unakupa bar 0.6 pale chini, na ukitoa mita 2 za kimo cha shawa unabaki na 0.4 hivi, ukiongeza kidogo kwa maji yaliyomo tangini. Ndiyo maana shawa ya mnara ni ya upole, na hakuna swichi utakayoikaza ikabadilika. Dawa ni kuinua mnara, kupanua bomba la kushushia, au kuweka pampu ya kuongeza presha.

Nyumba nyingine pampu inasukuma moja kwa moja kwenda kwenye mabomba, ama kutoka kisimani, ama kutoka kwenye simtanki lililokaa chini. Hizo ndizo zina tangi la presha na swichi, na ndizo mwongozo huu unazihusu.

Zipo pia zenye kile kidude cha plastiki chenye taa kinachokaa juu ya pampu, kinachoiwasha ukifungua koki na kuizima maji yanapoacha kutembea. Vingi vya aina hiyo huiwasha pampu presha ikishuka kufikia bar 1.5, kwa hiyo visiwekwe mahali ambapo bomba la juu kabisa la nyumba linazidi mita 15 kutoka kilipo: uzito wa maji yaliyosimama kwenye bomba peke yake utakidanganya kwamba presha ipo. Tena havipendi koki inayodondosha. Tone moja moja usiku kucha, na pampu nayo inawaka na kuzima usiku kucha. Kama unacho na una kero hiyo, ongeza tangi dogo la presha mbele yake.

Hatua ya 2: Kaa na geji robo saa

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani kama kazi. Leta kigoda, kaa mbele ya geji, mwambie mtoto afungue koki moja ya jikoni, nawe uandike: pampu imewaka geji ikisoma ngapi, imezima ikisoma ngapi, imekaa sekunde ngapi ikiwaka, na imekaa sekunde ngapi ikiwa imezima.

Swichi nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuwasha bar 1.4 na kuzima bar 2.8 (kwa vipimo vya tairi ni psi 20 na 40). Nyingine ni psi 30 na 50. Kama mshale unapanda taratibu kutoka namba ya chini hadi ya juu, na unashuka taratibu vilevile, tangi lako ni zima na unaweza kukimbilia hatua ya 5. Lakini angalia dalili hizi mbili, kwa sababu zinafanana bafuni ilhali kwenye geji zinatofautiana kabisa.

Ya kwanza: pampu inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, ta-ta-ta kama mtu anayebisha hodi kwa haraka, na mshale unaruka juu chini. Hapo upepo wa tangi umekwisha au mpira wa ndani umepasuka.

Ya pili: mshale unashuka vizuri, halafu ukikaribia namba ya kuwashia unaanguka ghafla hadi sifuri, maji yanakata kwa sekunde moja au mbili, ndipo pampu inawaka. Hapo upepo umezidi. Tangi linamaliza maji yake yote kabla swichi haijaamka.

Na kama mshale hausogei kabisa, gonga kioo kwa kidole. Geji iliyokufa ikiwa imeganda kwenye bar 2 imeshanipotezea asubuhi nzima, nikifukuza ugonjwa usiokuwepo.

Hatua ya 3: Pima na rekebisha upepo wa tangi

Ndani ya lile tangi kuna mpira mfano wa puto. Maji yanaingia ndani ya mpira, upepo unabaki nje yake, kati ya mpira na bati. Pampu inapojaza, upepo unabanwa. Ukifungua koki, upepo unausukuma mpira na maji yanatoka bila pampu kuwaka. Wanafunzi wa fizikia presha hii wanaiita kanieneo. Mtaani ni presha, na upepo ni uleule wa kwa fundi tairi, na hata kijiti cha kujazia ni kilekile cha gurudumu la gari.

Kosa kubwa hapa ni kupima tangi likiwa na maji. Ukipima wakati mfumo una presha ya bar 2, kipimo kitakusomea bar 2 hata kama upepo umebaki wa kubahatisha, kwa sababu maji yanaubana upande wa pili. Fanya hivi:

Zima pampu kwenye breka. Fungua koki iliyo chini kuliko zote, mara nyingi ile ya uani, uache maji yatoke mpaka geji isome sifuri. Usiifunge koki hiyo, iache wazi muda wote wa kazi. Inua kidogo upande mmoja wa tangi kama linainulika: likiwa jepesi, limetoa maji yote. Likiwa zito kama ndoo iliyojaa ilhali koki iko wazi, mpira umepasuka na maji yamekaa upande wa upepo.

Fungua kifuniko cha kijiti cha upepo, bonyeza pini. Ukitoka upepo mkavu, endelea. Yakitoka maji, hakuna haja ya kujaza, nenda kwenye kubadilisha mpira hapo chini.

Sasa pima. Namba unayoitaka ni psi 2 chini ya namba ambayo pampu inawakia. Pampu ikiwaka kwa psi 20, tangi liwe na 18. Ikiwaka kwa 30, liwe na 28. Kwa anayesoma bar, toa 0.14. Hapa ndipo matangi mapya huwasumbua watu: mengi yanatoka dukani yakiwa yamejazwa karibu bar 1.5 au zaidi, fundi anayafunga kama yalivyo kwenye swichi ya bar 1.4, na tangu siku ya kwanza maji yanakata kila pampu inapotaka kuwaka. Upepo ukizidi, bonyeza pini uupunguze. Ukipungua, ongeza kwa pampu ya baiskeli. Kijana wa kuziba pancha mwenye kompresa anaweza kukusaidia, ila mwambie aweke kidogo kidogo, maana tangi dogo linajaa kwa sekunde chache na mpira hauvumilii kubanwa ovyo. Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye kijiti uone kama linatoa mapovu. Funga kifuniko, funga koki, washa pampu, rudi kwenye kigoda.

Kubadilisha mpira wa tangi la lita 24 ni kazi ya saa moja. Zima, ondoa presha, legeza boluti za flenji iliyo upande wa bomba, vuta mpira wa zamani utoke. Mwaga maji yenye kutu, suuza, acha tangi likauke, na upapase kwa ndani kwa kitambaa: ukisikia ncha ya kutu inayokwaruza, ipige msasa, vinginevyo itautoboa na mpira mpya. Ingiza mpya, kaza boluti kwa kukatiza, ya huku na ya ng'ambo yake, usiende kwa mzunguko. Jaza upepo kwanza, maji yafuate. Ukitanguliza maji, mpira mpya unajitanua mpaka unajikwaruza kwenye bati.

Jambo la ukubwa wa tangi nalisema kwa mkazo kwa sababu linaficha gharama. Tangi la "lita 24" halikupi lita 24. Kwa swichi ya bar 1.4 na 2.8, yale yanayotoka kati ya pampu kuzima na kuwaka tena ni kama lita 8. Shawa inayotumia lita 10 kwa dakika inayamaliza kabla ya dakika moja. Tangi la lita 100 linakupa kama 35. Kanuni ninayofuata: pampu ikiwaka, ikae ikifanya kazi angalau dakika moja. Kwa hiyo kama pampu yako inatoa lita 30 kwa dakika, tangi la lita 100 ndilo saizi yake, na lile la 24 ulilouziwa pamoja na pampu ni la kuanzia maisha tu. Mota huumia zaidi wakati wa kuwaka kuliko wakati wa kutembea, na watengenezaji huandika kwenye kijitabu iruhusiwe kuwashwa mara ngapi kwa saa. Kile kijitabu tunachokitupa na boksi.

Hatua ya 4: Swichi ya presha, kwa adabu

Ukifungua kifuniko cha swichi utaona springi kubwa yenye nati, na kwa nyingi pia springi ndogo yenye nati yake. Nati kubwa ukiikaza inapandisha namba zote mbili, ya kuwashia na ya kuzimia. Nati ndogo inapanua nafasi kati yake, yaani inapandisha ya kuzimia peke yake. Mchoro mara nyingi umebandikwa ndani ya kifuniko. Ukipingana na haya, ufuate mchoro. Geuza nusu mzunguko, rudisha kifuniko, washa, soma geji. Zima tena ndipo ugeuze tena. Na kila ukibadilisha namba ya kuwashia, upepo wa tangi nao urekebishwe umfuate mwenzake, ile psi 2 chini.

Nasema kwa adabu kwa sababu nati hii imeniumbua. Mteja mmoja wa Bunju alitaka maji ya ghorofani yawe na nguvu, nikakaza nati kubwa mizunguko miwili, shawa ikanguruma, akafurahi, nikalipwa. Alfajiri simu ikaita: pampu imetembea usiku kucha na uniti za LUKU zimekwisha. Nilikuwa nimepandisha namba ya kuzimia juu kuliko uwezo wa pampu. Presha ilifika bar 3.3 ikakwama hapo, swichi inasubiri 3.6, na pampu inasukuma maji yasiyo na pa kwenda, inajichemsha yenyewe.

Basi kabla ya kukaza, soma kibati cha pampu. Kimeandikwa Hmax, yaani kimo cha juu kabisa ambacho pampu inaweza kusukuma maji, tuseme 35 m. Hizo ni sawa na bar 3.4 hivi pampu ikiwa imebanwa kabisa, tena ikiwa mpya na umeme umetimia. Kama inavuta kutoka chini, toa na kimo hicho. Mimi kwa pampu kama hiyo sipandishi kuzima zaidi ya bar 2.8. Kwa nyumba ya kawaida ya chini hakuna kinachokosekana hapo. Ukizidisha presha, vali ya usalama ya hita inaanza kudondosha na mipira ya kuunganishia sinki inavimba.

Kingine kwenye swichi: imesimama juu ya kijibomba chembamba, na kijibomba hicho huziba kwa mchanga na kutu. Kikiziba, swichi inasikia presha kwa kuchelewa. Zima, ondoa presha, kifungue, kizibue kwa waya. Swichi yenyewe ikae karibu na tangi, na kati yao pasiwe na koki wala kichujio. Nimekuta kichujio kimefungwa kati ya pampu na swichi upande mmoja, na tangi upande wa pili. Kilipochafuka, swichi ikawa inaona presha ya pampu na wala si ya tangi, ikawaka na kuzima mpaka pointi zake zikaungua. Kichujio kiwe baada ya tangi.

Hatua ya 5: Pampu inawaka usiku wakati wote mmelala

Maji yanavuja mahali, na kuna njia mbili tu: kuelekea nyumbani au kurudi kisimani. Acha pampu ijaze na izime, kisha izime na kwenye breka. Funga koki kuu iliyo baada ya tangi, ile inayopeleka maji nyumbani. Soma geji, ngoja dakika 20, soma tena.

Mshale ukitulia, kisima hakina kosa. Maji yanavuja ndani ya nyumba, na mshukiwa wa kwanza ni choo. Mimina chai ya rangi iliyopoa kwenye tangi la choo, mtu asiflashi kwa dakika 20, halafu chungulia bakuli. Maji yakiwa na rangi ya chai, raba ya chini imekwisha. Raba hiyo ni ya bei ndogo kuliko uniti inazokula kwa mwezi.

Mshale ukishuka ilhali koki imefungwa, maji yanarudi. Ni ile vali ya kuzuia maji kurudi, mafundi tunaiita nonriteni, au bomba lililotoboka kati ya kisima na tangi. Kwa pampu ya juu inayovuta, vali hiyo iko mwisho wa bomba ndani ya maji, na chembe moja ya mchanga au uzi wa katani inatosha kuizuia isifunge. Kwa pampu ya kuzama iko juu ya pampu yenyewe, mita nyingi chini. Kabla hujakodi watu wa kuivuta pampu, kagua kwanza bomba la juu ya ardhi na maungio, hasa pale linapotoka kwenye kisima: udongo uliolowa wakati wa kiangazi unasema wenyewe.

Hatua ya 6: Koki inakohoa

Maji yakitoka na hewa, puu, puu, halafu meupe kama maziwa, pampu inanyonya upepo. Kwa pampu ya juu, paka povu la sabuni kwenye kila ungio la bomba la kuvutia wakati pampu inatembea. Mahali povu linapovutwa ndani ndipo penye kosa. Kaza au fungua uzungushie tepu upya. Kumbuka pia pampu ya juu haivuti maji kutoka kina kirefu: kwa vitendo ni mita 7 au 8, hata iwe na mota ya namna gani. Kisima kilichokuwa na maji mita 6 wakati wa masika kinaweza kuwa mita 9 ifikapo kiangazi, na pampu iliyokuwa nzuri ikageuka "mbovu" bila kosa lake.

Kwa kisima kirefu, huenda pampu inatoa maji haraka kuliko kisima kinavyojaza. Pima: fungua bomba linalotoka kwenye pampu, ujaze ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 40, unapata lita 30 kwa dakika, sawa na 1,800 kwa saa. Linganisha na namba aliyokuachia mchimbaji alipopima kisima. Ukizidi, punguza kwa kubana koki ya kutokea kidogo, na weka kifaa cha kuzima pampu maji yakikauka. Maoni yangu, na wapo mafundi watakaonipinga: usisukume maji ya nyumba moja kwa moja kutoka kisima kirefu. Jaza simtanki la chini taratibu, kisha pampu ndogo ya juu ndiyo ihudumie nyumba. Ikiharibika utaitengeneza umekaa kwenye kigoda, badala ya kuvuta bomba la mita 80.

Hatua ya 7: Umeme

Presha ikiwa nzuri asubuhi na mbovu kuanzia saa moja jioni, majirani wanapowasha kila kitu, shuku umeme. Fundi apime volti pampu ikiwa inatembea, kwani kipimo cha pampu ikiwa imezimwa hakisemi kitu. Pampu zetu nyingi zimeandikwa 220 hadi 240. Ikiwa 230 imezimwa na 190 ikitembea, ama waya ni mwembamba kwa umbali uliovutwa, ama ungio limelegea, ama umeme wa mtaa wenyewe umelemewa. Mawili ya kwanza unaweza kuyatibu. Kwa la tatu, weka kifaa cha kulinda volti kinachozima pampu umeme ukishuka mno.

Pampu inayounguruma bila kuzunguka, mara nyingi tatizo ni kapasita, kile kidude kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Aibadilishe fundi. Inashika umeme hata baada ya kuzimwa, na teke lake si la mchezo.

Hatua ya 8: Mwisho kabisa, njiani kwenda bafuni

Geji inasoma bar 2.5 na shawa bado inalia? Basi kosa liko mbele ya geji. Ondoa kichujio ujaribu bila hicho. Fungua kichwa cha shawa: maji yetu ya ukanda wa pwani mara nyingi yana chumvi na chokaa, na matundu huziba kwa ukoko mweupe. Loweka kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa mswaki. Angalia pia bomba. Nyumba nzima ikilishwa na bomba la nusu inchi, mtu akifungua koki ya uani, aliye bafuni anabaki kuimba. Njia kuu iwe angalau ya inchi, matawi ya robo tatu, na nusu ibaki kwa kile kipande cha mwisho kinachoingia kwenye koki.

Kurudia lini

Upepo wa tangi, kila baada ya miezi mitatu. Kichujio, kulingana na uchafu wa maji yako, wengine kila mwezi. Robo saa ya kigoda na geji, kila mara bili ya umeme inapopanda bila sababu.

Na ile kalamu: andika ubavuni mwa tangi tarehe, namba ya kuwasha, ya kuzima, na upepo uliouacha. Tangi la yule mama wa Goba limeandikwa 20, 40, 18. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, kuna tarehe nne alizopima bila kuniita, na mbele ya ile ya tatu ameandika: "16. Nimeongeza."